Tulivyolishona Gari ili Zaitun Afike Kolo

Nzuguni,
kwa mkono wa Bwana Ebrahim, dukani,
Uhindini, Dodoma.
14 Novemba, 1952.

Mpendwa mke wangu mdogo, Mwanahawa,

Salamu zangu nimezipakia kwenye treni ya bara. Zikikufikia huko Ilala zimechakaa na kujaa masizi usinilaumu mimi, mlaumu dreva wa treni. Mwenyewe hujambo? Watoto hawajambo? Na huyo Yahaya, aliyeniibia mke mchana kweupe na bado akapikiwa pilau, naye hajambo? Mwambie simpendi, ila kanzu aliyoniletea sikukuu ya Idi naivaa.

Shikamoo uliyoniandikia nimeipokea. Marahaba, ingawa sijapata kuona mke anayemwamkia mumewe kana kwamba ni babu yake.

Mimi ni mzima ukiacha magoti, ambayo siku hizi hunifuata yanapotaka. Mvua bado. Jua limetukalia utosini kama mgeni asiyejua kuaga, na upepo unachimba mashamba ya watu na kuyahamishia machoni mwetu. Bi Zaitun, bibi yako na mke mwenzio, mwili wake haujambo. Moyo wake ndio ulionishikisha kalamu, na unajua mimi shule niliingia kwa mlango nikatokea dirishani, kwa hiyo uvumilie mwandiko.

Ile simu aliyokupelekea Bwana Ebrahim ilikwambia tu kwamba Abbasi wa Kolo, mdogo wake bibi yako, amefariki. Simu ni kitu cha watu wenye haraka. Haikukwambia kama bibi yako alimwahi. Najua ndilo unalotaka kujua, maana sisi sote tulikuwa tukingoja siku wale wawili watakapokaa mkeka mmoja. Basi kaa nikueleze, na kama kuna chungu jikoni kitelemshe kwanza.

Ugomvi wao umeusikia tangu hujaota meno, lakini kila mtu alikupa kipande chake. Kizima ni hiki. Mama yao alipofariki aliacha jiwe la kusagia, jiwe kubwa lililolika katikati kwa uwele wa miaka mingi mpaka likawa kama bakuli. Bibi yako alijua ni lake, maana jiwe la kusagia la mama haliendi kwa mtoto wa kiume. Atalisagia nini, tumbaku? Lakini kabla hajaenda kulichukua, Abbasi alikuwa anajenga nyumba, akalilaza mlangoni likawa kizingiti. Alisema ameliweka pale lisipotee. Bibi yako akasema mdogo wake anamkanyaga mama kila anapotoka kwenda kujisaidia, na akaapa kwamba hataukanyaga mlango ule. Tangu hapo huyu hakuja Nzuguni na yule hakwenda Kolo. Hata kwenye harusi yako, mjini, walikaa pembe mbili kama mabeberu.

Mwezi uliopita akaja Zaidi, kijana mkubwa wa Abbasi, amepanda lori la wafanyabiashara wa samli. Aliamkia, akanywa maji, ndipo akasema baba yake yuko kitandani na hatoki tena. Akamgeukia bibi yako akamwambia, "Shangazi, baba anaomba radhi yako. Anasema hawezi kwenda akiwa na deni la neno."

Bibi yako alikuwa anachambua choroko. Akaendelea kuchambua. Kisha akasema, "Mwambie aje aichukue."

Nikamwangalia Zaidi, Zaidi akaangalia miguu yake. Lori likampigia honi, akaondoka.

Baada ya hapo nyumba yangu ikawa kama ya mtu aliyefungiwa na nyuki. Sikuweza kusema neno. Nikisema ugali umeiva vizuri, naambiwa kwani siku zote hauivi? Nikinyamaza, naambiwa nimenyamaza kwa sababu namtetea Abbasi. Siku moja asubuhi namwona anakunja kanga zake na kuzitia kwenye kikapu. Akasema, "Mzee, twende Kolo." Na asubuhi ile ile, mke wangu, basi la kwenda Arusha kupitia Kondoa lilikuwa limekwisha ondoka mjini, na jingine mpaka wiki ijayo. Bibi yako angekuwa mwadhini, watu wangeswali alfajiri saa tano.

Likabaki gari langu. Unalijua, lile la kabla ya vita aliloniachia Bwana Ebrahim nilipochoka kumwendeshea, nikaliita Bi Kati kwa kuwa liko kati ya mke mkubwa na wewe. Nilikuwa sijaliwasha muda mrefu. Nilipoliwasha likacheka, likakohoa, likapiga chafya, likazima. Nikafungua boneti.

Nikueleze, ili umfundishe Yahaya ambaye anadhani gari huenda kwa petroli tu. Gari hupumua. Pembeni ya injini kuna mkebe wenye oili chini yake wa kunasa vumbi, na kutoka kwenye mkebe huo kuna mpira mnene unaopeleka hewa safi kwenye kabureta. Sasa waliolitengeneza Bi Kati waliupitisha mpira ule jirani sana na bomba la moshi, bega kwa bega. Huko kwao kuna baridi, labda walidhani mpira nao utapenda kuota moto. Huku kwetu moto wa bomba kutoka chini, jua kutoka juu, miaka yote hiyo, mpira ulikuwa umekauka na kupasuka kama kisigino cha mlimaji. Niliubonyeza, ukameguka mkononi kama kashata. Nikaingiza kidole kwenye mdomo wa kabureta, kikatoka chekundu kwa udongo.

Gari linaweza kwenda hivyo, kwa umbali kidogo. Lakini njia ya Kondoa wakati huu vumbi lake ni unga, tairi linazama. Injini ikila unga ule ni kama wewe kutafuna mchanga, meno yanakwisha, na tungebaki porini kabla ya kuiona Haneti. Nikaenda kwa miguu mpaka Uhindini. Bwana Ebrahim akacheka mpaka akakaa chini. Akasema mpira kama ule uagizwe Dar es Salaam, na Dar es Salaam wauagize Ulaya, na Ulaya wataandika kuuliza hilo gari bado liko hai kwa ruhusa ya nani. Nikarudi mikono mitupu.

Ndipo mimi nikasema ngozi. Usicheke. Kitu kikipasuka kwetu tunakivisha ngozi mbichi, nayo ikikauka inakibana kuliko chuma. Mpini wa jembe ni ngozi, mguu wa kigoda ni ngozi, ngoma ni ngozi. Na hapa Nzuguni hakuna mtu wa kumshinda bibi yako kushona kibuyu kilichopasuka. Tukaloweka ngozi ya mbuzi. Kesho yake akakaa chini karibu na gurudumu, nikamshikia ule mpira, yeye akatoboa kwa msharasi na kupitisha ukanda.

Mwanahawa, hujapata kuona ushonaji ule. Kila tundu lilikuwa linamwingia Abbasi. Anatoboa, anasema, "Nani aliyekubeba mgongoni mama akiwa shamba?" Anapitisha ukanda, anauvuta kwa meno. Anatoboa tena, "Nani aliyekutafunia karanga?" Mimi nikamwambia kwa upole amwonee huruma mpira, wenyewe hauna dhambi. Akaniambia nishike vizuri au ataanza kunishona mimi.

Alipomaliza ulikuwa mzuri kama mtoto aliyefungwa mbelekoni. Kisha akachukua mafuta ya mkia wa kondoo, akaupaka. Nami nikatazama, nikatikisa kichwa kwamba vema, maana ngozi bila mafuta hukakamaa. Tulikuwa wawili, umri wetu ukiuunganisha unafika kwa Mjerumani na kupita, na hakuna kati yetu aliyelikumbuka bomba la moshi. Hilo ni kosa la watu waliojua kondoo kabla ya kujua injini.

Nilipoliwasha gari likapumua kimya kama mcha Mungu. Nikasema niende mpaka kwenye mbuyu wa njia panda na kurudi, kabla ya safari. Sikufika. Kwanza nilisikia harufu ya kitoweo. Kisha nikaona mbwa wawili wanakimbia sambamba nami. Kisha nikaona moshi. Nikafungua boneti, na mafuta ya kondoo yanatiririka juu ya bomba yakiwaka moto, na ngozi imejikunja imeachia nyuzi zote. Niliuzima kwa kofia yangu nzuri ya viua. Kuinua kichwa namwona jirani yetu Silvano, yule Mgogo, amekuja na watu wengine wawili. Akaniamkia vizuri kabisa. Akasema, "Mzee Mbwana, ugali tunao. Tulikuja kuuliza nyama iko upande gani."

Walinisukuma mpaka nyumbani. Bibi yako alikuwa amesimama uani, kikapu kichwani, tayari. Aliona kofia yangu, akaona ngozi, hakuuliza. Alitua kikapu. Mimi nikaanza kusema mafuta yalikuwa ya nani, yeye akasema ngozi ilikuwa shauri la nani, tukaendelea hivyo mpaka nikaona anazitoa kanga kikapuni moja moja na kuzikunjua. Ndipo nikafunga mdomo. Miaka yote tumegombana sijapata kumwona akiuacha ugomvi katikati.

Nilirudi Uhindini, safari hii sikuingia dukani, nilipita mlango wa nyuma kwa Bi Shirin, mkewe Ebrahim. Nilimweleza habari ya Abbasi. Hakucheka yeye. Alimwaga samli yake kwenye sufuria, akanipa mkebe, na akaniambia nisisahau kumfikishia bibi yako pole. Nyumbani nikaukata ule mkebe kwa mkasi, nikaukunja kuwa bomba na kuubana mshono wake kwa nyundo, kama wanavyobana wale watengeneza koroboi. Ncha zake mbili nikazivisha vipande vya tyubu, nikavifunga kwa waya mpaka vikalia. Na kipande cha bati kilichobaki nikakisimamisha ukuta kati ya bomba la hewa na bomba la moshi, wasionane, kama pazia la wanawake na wanaume msikitini. Kisha nikasafisha kabureta, nikabadili oili ya mkebe. Jua lilikuwa limekwisha zama. Siku imekwisha pale, na siku ile ndiyo ninayotaka uikumbuke.

Tulitoka alfajiri. Bi Kati alikwenda kama amelipwa. Nilimtania bibi yako kwamba ameshonewa gari la kifalme lenye kunukia samli. Tukaipita Meia Meia. Haneti nilimnunulia chungwa, akalishika tu. Vumbi lilikuwa limempaka uso mzima, amekuwa mwekundu kama sanamu ya udongo, na macho mawili yanaangalia mbele. Tulipopita Kelema ndipo akasema, bila kunigeukia, "Nikimkuta amekwisha, radhi nitampa nani?"

Nilikuwa na jawabu la mzaha mdomoni. Unanijua mimi, huwa ninalo. Nikalimeza.

Kolo tulifika jua limelalia milima. Zaidi alitupokea njiani. Alisema baba yake bado yupo, bibi yako akavuta pumzi utasema amefunguliwa kamba. Lakini Zaidi akaendelea. Tangu yeye arudi kutoka Dodoma baba yake alikuwa anazungumza mchana kutwa. Anazungumza juu ya dada yake, jinsi walivyotumwa kulinda mtama, badala ya kupiga ndege wakapigana wao, jinsi dada alivyomficha kwenye ghala alipovunja chungu cha wageni. Alikuwa amejiwekea maneno mengi, Mwanahawa, anayapanga. Mpaka jana jioni. Kutoka jana jioni amenyamaza, hata maji anaomba kwa jicho.

Jana. Jana ndiyo ile siku tuliyokuwa tunawapa mbwa harufu.

Tukaenda nyumbani. Jamaa wote wako uani, wakainuka, shikamoo, shikamoo, bibi yako akaitikia mmoja mmoja, hakuruka mtu. Akafika mlangoni. Na lile jiwe lipo chini, limekanyagwa mpaka linang'aa. Kutoka pale alipo alikuwa anamwona Abbasi kitandani, mdogo kama mtoto, na Abbasi anamwona. Akasimama. Nikasema kimoyomoyo, basi, tumelishona gari mara mbili kuja kusimama mlangoni.

Bibi yako akavua viatu. Akashika kanga yake kwa mikono miwili, akainua mguu juu sana, kama mtu anayemvuka mtu aliyelala, akapita juu ya lile jiwe bila kuligusa. Akaenda akakaa kitandani, akamshika mkono.

Akamwambia, "Abbasi, nimekuja. Radhi yangu unayo, ya jana na ya leo, na mimi naitaka yako." Hapo angenyamaza, dua zingesomwa, tungekula. Lakini unamjua mke mwenzio. Akaongeza, "Ila jiwe lilikuwa langu."

Abbasi akamkazia macho. Akayatafuta maneno muda mrefu, tukayaona yanavyopanda kooni. Akasema, "Lilikuwa la mama."

Hilo ndilo alilosema, na hakusema jingine. Hakumjibu la radhi, ndiyo wala hapana. Bibi yako alikaa naye vile vile ameushika mkono, na kabla ya adhana ya alfajiri Abbasi akafariki. Tulimzika asubuhi. Zaidi ndiye aliyenipa karatasi ya ile simu niipeleke kwa Bwana Ebrahim.

Baada ya hitima, Zaidi na ndugu zake walikuja na majembe na mtaimbo mlangoni. Walikuwa wamekubaliana walichimbue lile jiwe, shangazi aondoke nalo kwenye gari. Mimi nikaanza kupima kwa macho kama springi za Bi Kati zitalibeba. Bibi yako akatoka, akawaambia waache. Akasema wakilitoa, mlango utakaa juu ya nini. Wakasisitiza, akasema neno moja tu, "Acheni," na unajua bibi yako akisema hivyo hata mbuzi huacha.

Tukarudi. Gari halikukohoa hata mara moja njia nzima, na kwa hilo nililichukia.

Hivyo umepata jibu lako. Alimwahi, na hakumwahi. Alikwenda na maneno ya miaka yote tumboni, akamkuta mwenzake amebakiwa na moja, naye akalitumia.

Sasa nikwambie lililonifanya niandike. Tangu tumerudi bibi yako hagombani. Ugali ukiungua anaomba msamaha. Silvano amepitisha mbuzi wake kwenye mihogo yetu, akamwambia si neno. Mimi nilivaa viatu vilivyojaa vumbi nikaingia navyo ndani makusudi, nikazunguka, nikakaa kwenye mkeka mpya, akapita na ufagio bila kuniangalia. Juzi alikuwa anapepeta mtama peke yake, akidhani niko nje, nikamsikia anasema taratibu kama anayezungumza na mtu wa jirani, "Najua ni la mama. Lakini mama angempa nani?" Akangoja. Kisha akarudia kupepeta.

Nyumba imekuwa kubwa mno, Mwanahawa. Nimeishi na sauti ile tangu ndevu zangu nyeusi, na sasa nasikia kuku wakitembea.

Kwa hiyo sikuombi uje, najua watoto na safari. Nakuomba umwandikie bibi yako barua yake mwenyewe, si ya pole. Pole zimemjaa, anaziweka chini ya mto. Mwandikie jambo la kumkasirisha. Mwambie ule mlenda wake aliokufundisha kupika watu wa pwani wameukataa. Mwambie jina la mtoto wa mwisho umelibadili na hukumuuliza. Sema lolote, lakini mchokoze sawasawa, na uache nafasi ya kujibiwa. Barua nitamsomea mimi, nitakaa karibu na mlango. Akinirushia mwiko nitajua amerudi.

Nisalimie watoto, kila mmoja kwa jina lake, na yule mkorofi mara mbili. Nisalimie dada yako Zipora kama bado anamwamini yule mumewe. Nisalimie na huyo mwizi wangu. Zaidi anakusalimu, Bwana Ebrahim na Bi Shirin wanakusalimu. Bibi yako hajui kama ninaandika, lakini salamu zake chukua, najua zilipo.

Mungu awalinde na joto la huko na maneno yanayochelewa. Ukiwa na la kumwambia mtu, mke wangu, liseme asubuhi.

Ni mimi wako akupendaye hata ukiwa wa mwingine,

Babu yako,
Mbwana.